Chuma Hakinenepi: Kalipa ya Saa na Kazi ya Kupima, Kutoka Kitale hadi Bungoma



Barabara ya Kitale kwenda Webuye hupita Kiminini, Kamukuywa na Misikhu, na ukifika Webuye ukakata kulia unaelekea Bungoma. Kwenye buti za matatu za barabara hiyo, katikati ya magunia ya mahindi na mikungu ya ndizi, husafiri vyuma: shafti ya poshomili iliyoviringishwa kwa gunia, pini ya jembe la trekta, puli iliyopasuka, bushi ya mashine ya kupukuchua mahindi. Mwenye mashine hakuandika namba yoyote. Ametuma sampuli pamoja na ujumbe wa mdomo: mwambie fundi anitengenezee kama hii.

Ujumbe huo ndio ulionileta hapa. Fundi wa lethi akiutii neno kwa neno, atatoa shafti mpya yenye kasoro za ile ya zamani. Kile chuma kilichofika mezani pake kimezunguka miaka mingi, kimelika, kimepigwa nyundo, kimechomelewa na kusuguliwa kwa tupa. Kinaeleza vizuri sana jinsi mashine ilivyoharibika. Jinsi ilivyotengenezwa siku ya kwanza hakielezi, au huieleza kwa kificho, na ni fundi mwenye kipimo kizuri na akili tulivu atakayekisoma. Kipimo hicho, katika karakana nyingi za kwetu, ni kalipa ya saa. Nitaieleza, nitaonyesha inavyotumika, na nitatumia muda mrefu zaidi kwenye jambo ambalo mafunzo yetu huliruka: namba ikishapatikana, fundi aifanyie nini?

Wengi wenu mmeishika. Ni upau wa chuma cha pua, kwa kawaida wa kupima hadi milimita 150, yaani kama inchi 6. Chini una taya mbili kubwa za kupimia kitu kwa nje. Juu taya mbili ndogo za kupimia ndani ya tundu. Mkiani huchomoza kijiti chembamba cha kupimia kina. Kuna pia njia ya nne ambayo naiona ikisahauliwa mara nyingi. Kitu chenye ngazi, kwa mfano shafti iliyokatwa bega, hupimwa kwa kusimamisha ncha ya kichwa kisichotembea kwenye ngazi ya chini na kuleta ukingo wa kichwa kinachotembea hadi uguse ngazi ya juu. Kijiti cha kina hupinda na kulala upande kirahisi. Vichwa viwili vipana husimama wima vyenyewe.

Ndani ya upau umechongwa mstari wa meno madogo sana, na kigurudumu cha meno hupita juu yake na kuuzungusha mshale. Katika aina nyingi za milimita, mshale ukizunguka mara moja taya zimesogea milimita 2. Uso umegawanywa mara 100, kwa hiyo kila mstari ni milimita 0.02. Zipo ambazo mzunguko mmoja ni milimita 1 na kila mstari ni 0.01. Za inchi kwa kawaida huzunguka mara moja kwa kila sehemu ya kumi ya inchi, na mstari mmoja ni sehemu moja ya elfu ya inchi. Maandishi yako usoni mwa saa, na mtu anayeazima kalipa ya jirani ayasome kabla ya kuipeleka kwenye chuma.

Historia yake nitaipitia upesi. Mfaransa Pierre Vernier alieleza mwaka 1631 ile mizani ndogo inayoteleza kando ya mizani kubwa, ambayo mafundi wetu bado huiita venia. Mwaka 1851, mjini Providence nchini Marekani, Joseph R. Brown alianza kuuza kalipa ya venia ambayo fundi wa kawaida aliweza kuinunua. Saa ya kupimia yenye mshale ilipata hataza mwaka 1883 kwa kazi ya Mmarekani mwingine, John Logan. Kalipa tunayoizungumzia ilizaliwa kwa kuunganisha kalipa na saa hiyo, na faida yake kubwa ni macho. Venia humtaka fundi atafute mistari miwili iliyolingana kati ya mingi iliyokaribia kulingana, kwenye karakana yenye taa moja. Mshale huonekana mara moja.

Kusoma ni kujumlisha. Upau unaonyesha 24, mshale umesimama 1.38, basi ni milimita 25.38. Hatari iko pale mshale unapokaribia sifuri. Chukua kitu chenye 25.98. Mshale umekaa kabla kidogo ya sifuri, lakini ukingo wa kichwa kwenye upau unaonekana kama umeshafika 26. Mwenye haraka husoma 26, akaongeza 1.98, akaandika 27.98. Amekosea milimita 2 nzima kwa chombo kinachoonyesha sehemu mbili za mia. Kinga yake ni rula ya kawaida: ipeleke kwenye kitu kwanza, uone kama uko karibu na 26 au 28, kisha uache mshale ukupe sehemu ndogo.

Sasa tuiweke kazini. Tuseme mbele yetu kuna shafti ya poshomili ya nyundo iliyotoka shamba moja nje ya Kitale. Pale beringi ilipokaa tunapima 25.12. Tunaizungusha shafti robo mzunguko na kupima papo hapo: 25.20. Tayari tumejifunza kwamba si duara tena, imelika upande mmoja, na yeyote aliyepima mara moja tu hangejua. Karibu na puli tunapata 25.30. Kisha tunatafuta mahali ambapo hakuna kitu kilichowahi kusugua, chini ya bushi ya kutenganisha, tunafuta grisi iliyoganda kwa mafuta ya taa, tunapima: 25.38.

Fundi anayeiga sampuli huiangalia ile 25.12 na kusema hii ni ya milimita 25. Hukereza 25 kamili, hununua beringi ya milimita 25, na beringi inaingia vizuri. Mteja anafurahi, matatu inarudi Kitale. Huko, puli na kitovu cha nyundo vilivyotobolewa kwa shafti ya zamani vinavishwa shafti mpya na kukuta nafasi ya milimita 0.4. Mtu hukata bati la kopo la soda, hulikunja, hulipachika. Puli inayumba, mkanda unalika upande, funguo inaigonga njia yake hadi ipanuke, nyundo zinazunguka nje ya kitovu, beringi mpya inachemka. Baada ya msimu mmoja wa mavuno shafti iko tena kwenye matatu. Lawama huangukia beringi kwamba ni ya bandia. Za bandia zipo, lakini hii ingekufa hata kama ingekuwa halisi.

Shafti hii tuisome hivi. Chuma hakinenepi kwa kuzunguka. Msuguano hula, hauongezi, na shafti iliyozaliwa na milimita 25 haiwezi kufika 25.38 kwa kusaga mahindi. Kwa hiyo kipimo chake cha asili hakiko chini ya namba kubwa kuliko zote tuliyoipata mahali safi. Kutoka 25.38 kwenda juu, namba ya kwanza ambayo watengenezaji wa mashine huitumia ni 25.40, yaani inchi moja kamili. Shafti hii ni ya inchi. Irudishwe kwenye inchi, na beringi yake iwe ya inchi.

Kwa tundu, sheria hugeuka: tundu hupanuka kwa kulika, na asili yake haiko juu ya namba ndogo kuliko zote utakayoipata. Watengenezaji wa injini wametuachia mahali pazuri pa kuhakikisha. Juu kabisa ya silinda iliyotumika sana, pale ringi ya kwanza ya pistoni haifiki, hubaki ukingo mwembamba ambao haujaguswa. Ukwangue masizi, uingize taya ndogo za kalipa, upime hapo hapo. Taya hizo hazifiki mbali ndani, lakini kwa kazi hii hazihitaji kufika. Kwenye trekta ya Massey Ferguson 135 yenye injini ya Perkins ya silinda tatu utapata karibu na milimita 91.44, ambayo ni inchi 3.6. Ukishuka chini ya ukingo ule namba zitakuwa kubwa zaidi, na hizo zinahesabu miaka ya kazi. Kwa kuzipima ipasavyo kuna kipimo kingine kirefu cha silinda. Kalipa imekupa pa kuanzia.

Lazima niweke mipaka ya sheria yangu, maana nimeona vijana wakiishika kama dini. Kuna njia tatu ambazo chuma huonekana kimenenepa. Ncha ya shafti iliyopigwa nyundo hutanuka kama uyoga. Kutu hupanda. Na fundi aliyetangulia huenda alijaza welding akakereza apendavyo. Ukiona ncha ina 25.9 na sehemu nyingine zote ziko chini ya 25.4, ncha hiyo ondoa kwenye hesabu. Pitisha tupa kuondoa kingo zilizosimama, piga msasa kwenye kutu, na utafute rangi ya welding kabla ya kuamini namba yoyote.

Kwa nini inchi na milimita zituandame hapa kuliko pengine? Tazameni mashine zilivyofika. Reli ilifika Kitale mwaka 1926 kwa tawi lililotoka Leseru, na kwa miongo mingi mashine za mashamba makubwa ya Trans Nzoia zilitoka Uingereza na Marekani, zote za inchi. Injini za Lister za mwendo wa polepole, ambazo mlio wake bado unawaita wanawake wenye ndoo za mahindi kwenye poshomili nyingi, zina silinda ya inchi 4.5, na nakala zake kutoka India zimeshika vipimo vivyo hivyo. Shafti ya nyuma ya trekta inayoendesha mashine za shambani kwa mizunguko 540 kwa dakika ni ya inchi 1 na sehemu tatu za nane, yenye meno sita. Kisha zikaja pikipiki za boda boda, pampu za maji na mota kutoka Japani, India na China, na hizo ni milimita tupu. Katika boma moja la mkulima wa Kiminini utakuta trekta ya inchi, pikipiki ya milimita, na mashine ya kupukuchua iliyoundwa na jua kali kwa shafti ya inchi na bolti za milimita. Mhandisi wa Ujerumani anayeishi ndani ya milimita peke yake hahitaji kujiuliza swali ambalo fundi wa Bungoma hujiuliza kila asubuhi. Ndiyo maana nasema kipimo sahihi kinatufaa sisi zaidi kuliko kinavyowafaa waliokibuni.

Bahati nzuri, mataifa yanayotumia inchi yalikubaliana mwaka 1959 kwamba inchi moja ni milimita 25.4 kamili, bila kipande cha mbele. Namba hiyo fundi aijue kwa moyo, pamoja na jamaa zake wachache: robo tatu ni 19.05, saba ya nane ni 22.225, inchi na robo ni 31.75, inchi na nusu ni 38.1. Pini za kiunganishi cha nyuma cha trekta ndogo ziko hapo, robo tatu kwa mkono wa juu na saba ya nane kwa mikono ya chini.

Wakulima wa kahawa wa Kimilili, Chwele na miteremko ya Mlima Elgon wanaishi na inchi hizi bila kuziona. Kahawa ya daraja la AA ni buni zinazobaki juu ya chekeche yenye matundu ya takriban milimita 7.2, na daraja linalofuata huanzia takriban 6.8. Namba ya chekeche, 18 au 17, huhesabu sehemu za 64 za inchi. Bei ya jasho la mwaka mzima inaamuliwa na chini ya nusu milimita. Anayesema vipande vya milimita ni mambo ya wazungu na maabara zao aende akasimame kwenye kinu cha kahawa siku ya kupanga madaraja.

Turudi kwenye beringi, kwa sababu watengenezaji wake wametusaidia kwa namba walizochonga ubavuni. Kwa beringi za kawaida, tarakimu mbili za mwisho kuanzia 04 huzidishwa kwa tano kupata tundu la ndani: 6204 ni milimita 20, 6205 ni 25, 6206 ni 30. Zile ndogo zina utaratibu wao, 00 ni 10, 01 ni 12, 02 ni 15, 03 ni 17, na magurudumu ya pikipiki yanaishi humo. Beringi za kukalia kwenye nyumba ya chuma, ambazo poshomili na mashine za kupukuchua huzitumia sana, huandikwa UC205, na tundu ni 25. Zikiwa za inchi huongezwa kistari na namba inayohesabu sehemu za kumi na sita za inchi. UC205-16 ni sehemu kumi na sita, inchi moja. UC206 ni milimita 30, lakini UC206-20 ni inchi na robo. Kwa nje zinalingana na zinaingia nyumba ile ile, na muuzaji wa spea asiyeulizwa atatoa iliyo karibu na mkono. Kistari kile na tarakimu mbili nyuma yake ndivyo vitu vya kwanza vya kuangalia kabla ya kulipa.

Kuna mahali sheria yangu haitoshi, na nataka tupaone. Ile shafti ya nyuma ya trekta, inchi 1 na sehemu tatu za nane, ni milimita 34.925. Shafti ya milimita 35 imeipita kwa chini ya sehemu moja ya kumi. Ukipima chuma kilicholika ukapata 34.88, huenda ni inchi iliyolika kidogo au milimita iliyolika zaidi, na kalipa haiwezi kuamua. Hapo fundi huuliza mashine: imetoka wapi, bolti zake ni za ufunguo gani, puli yake ina tundu kiasi gani mahali ambapo halijalika. Ukiwa na vipande viwili vilivyokaa pamoja, omba vyote viwili. Mteja akileta shafti peke yake, mwambie arudi na puli. Atanung'unika kwa nauli ya matatu, na bado itamgharimu kidogo kuliko shafti isiyoingia.

Sasa niseme kuhusu usahihi wenyewe, kwa sababu mstari wa 0.02 huwadanganya watu wazima. Chombo kuonyesha sehemu mbili za mia hakumaanishi kinazijua. Kalipa nzuri ya aina hii huaminika kwa takriban milimita 0.03 upande huu au ule, na ile ya bei ya chini kwa zaidi ya hapo. Kwa kutofautisha 25 na 25.4 hiyo inatosha na kubaki. Kwa kuamua beringi ikae kwa kubana kiasi gani, haitoshi kabisa. Shafti ya milimita 25 inayopaswa kushika beringi ya kawaida kwa nguvu hukerezwa kati ya sehemu mbili na sehemu kumi na tano za elfu za milimita juu ya 25. Kalipa haioni hilo. Tumia kalipa kukaribia, na ukibakiza sehemu kumi za mia chukua mikromita. Karakana isiyo na mikromita isiahidi kazi ya kubana.

Sababu mojawapo ya udhaifu huo ilielezwa na Mjerumani Ernst Abbe mwaka 1890: chombo hupima vizuri zaidi pale mizani yake inapokaa kwenye mstari mmoja na kitu kinachopimwa. Katika kalipa, mizani iko juu kwenye upau na kitu kiko chini kati ya taya. Ukibana kwa nguvu, kichwa hupinduka kidogo sana na namba hupungua. Kwa hiyo weka kitu ndani, karibu na upau, ncha za taya uziachie mahali pembamba tu. Sukuma kwa kidole gumba kwa nguvu ile ile kila mara. Tikisa kidogo hadi mshale ufike mwisho wa kushuka unapopima nje, au mwisho wa kupanda unapopima tundu. Tundu dogo, chini ya milimita 10 hivi, litasomeka pungufu kidogo kwa sababu kingo za taya ndogo zina unene wake. Na kitu kisizunguke. Nimeona taya zikipelekwa kwenye shafti inayozunguka kwenye lethi ili kuokoa dakika. Zinalika, na siku moja zitashikwa na kuvuta mkono.

Joto nalo. Vipimo vyote vya viwanda duniani vimewekwa kwa nyuzi 20 za Selsiasi, na chuma hurefuka kwa takriban sehemu 11.5 katika kila milioni kwa kila nyuzi moja. Kwa shafti ya milimita 25, tofauti ya asubuhi ya baridi ya Kitale, iliyo juu kama mita 1,900, na adhuhuri ya Bungoma haionekani kwenye kalipa; msiihangaikie. Lakini kipande cha milimita 90 kilichotoka sasa hivi kwenye kisu cha lethi kikiwa na nyuzi 70 kimenenepa, hapo kweli kimenenepa, kwa milimita 0.05. Ukikikata hadi kipimo kikiwa moto, kikipoa kitakuwa kidogo na hakuna wa kukirudisha. Kiache kipoe.

Kuhusu vumbi ningeweza kuzungumza hadi jioni. Unga wa mahindi, udongo mwekundu, makapi ya miwa yaliyopondwa, na zaidi ya yote vipande vidogo vya chuma: vyote huingia kwenye meno ya upau. Punje moja ikikaa hapo kigurudumu huruka jino, na kuanzia hapo mshale hausimami tena pale pale taya zikifungwa. Wengi hulegeza ukingo wa uso na kuuzungusha hadi sifuri ikutane na mshale, kisha huendelea. Kurekebisha sifuri hivyo ni halali kwa tofauti ndogo. Mshale ukihama mbali kwa ghafla, ujue jino limerukwa na uchafu bado umo. Safisha kwa brashi laini, fungua na funga taya mara kadhaa, hakikisha mshale unarudi pale pale kila mara, ndipo uweke sifuri. Kabla ya hayo, futa taya kwa kitambaa safi, zifunge, uziinue kuelekea dirishani. Mwanga ukipenya katikati, taya zimelika, na kuweka sifuri hakutaziponya.

Je, fundi wa Kamukuywa atajuaje kwamba kalipa yake inasema kweli? Shirika la Viwango la Kenya, KEBS, lililoanzishwa mwaka 1974, lina maabara za kukagua vipimo Nairobi, na viwandani vipimo hukaguliwa pia kwa vipande vya chuma vya kipimo kamili alivyobuni Mswidi Carl Edvard Johansson mwaka 1896. Fundi wa kando ya barabara hana seti hiyo. Ana beringi mpya. Beringi halisi ya 6205, ikiwa bado kwenye karatasi yake, ni moja ya vitu sahihi zaidi vinavyouzwa mjini kwa bei ya mtu wa kawaida: kipenyo chake cha nje ni milimita 52 na hakipungui kwa zaidi ya sehemu 13 za elfu za milimita, na tundu lake ni 25 na halipungui kwa zaidi ya sehemu 10 za elfu. Inunue kwa muuzaji unayemwamini, ifute, uipime nje na ndani, uandike ulichopata. Ukiona 52.00 na 25.00, au mstari mmoja pembeni, endelea na kazi. Upana wake, 15, usiutumie, maana huruhusiwa kupungua zaidi ya sehemu moja ya kumi. Beringi hiyo ikae droo ya kalipa, isiuzwe hata mteja akilia.

Tuna mahali pa kufundishia haya. Kitale kuna chuo cha kitaifa cha ufundi. Bungoma kuna Sang'alo, Kisiwa na Matili. Majaribio ya daraja ya NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani, yapo kwa wale waliojifunza kazini. Na tulikuwa na shule nyingine isiyo na jina la shule: viwanda vikubwa. Kiwanda cha sukari cha Nzoia kilianza kusaga miwa mwaka 1978, na cha karatasi cha Webuye kiliendesha mitambo mizito hadi kilipofungwa mwaka 2009. Mitambo ya namna hiyo haiendi kwa ujumbe wa mdomo. Kila shafti ina mchoro na namba. Kiwanda kama hicho kikifungwa, mji hupoteza mishahara, na hupoteza pia mahali ambapo kijana wa miaka 19 alikuwa akiona mzee akipima kitu kile kile mara nne kabla ya kukigusa kwa kisu.

Kwa hiyo pendekezo langu kwa walimu ni hili. Katika mitihani tunawapa wanafunzi vipande safi, vilivyokerezwa jana, na kuwauliza ni milimita ngapi. Wanajibu vizuri. Tuwape shafti iliyolika kutoka poshomili, isiyo na mchoro, pamoja na puli yake, na tuwaulize: ilikuwa kiasi gani ilipotoka kiwandani, na umejuaje? Alama zitolewe kwa hoja. Atakayeandika 25.12 peke yake amesoma chombo. Atakayeandika kwamba alipima sehemu nne, akaacha ncha iliyopigwa nyundo, akapata 25.38 chini ya bushi na 25.42 ndani ya puli mahali pasipolika, akahitimisha inchi moja, huyo yuko tayari kupewa lethi.

Na kwenu wenye karakana, naomba kitu kidogo cha kuanza nacho Jumatatu. Sampuli ikifika, kabla haijafungwa kwenye lethi, iandikiwe karatasi. Jina la mashine na ilikotoka. Vipimo vyote vilivyochukuliwa na mahali vilipochukuliwa, hata vile visivyopendeza. Kipimo cha asili mlichoamua na sababu yake kwa mstari mmoja. Namba kamili ya beringi pamoja na kistari chake. Tarehe, na jina la aliyepima. Nakala moja ibaki kwenu, nyingine irudi kwa mwenye mashine. Mwaka ujao beringi itakapokufa, kama zinavyokufa zote, mkulima wa Kiminini atapiga simu akiwa na karatasi mkononi na kuwasomea: shafti ya inchi moja, urefu milimita 640, bega kwa milimita 85, njia ya funguo robo inchi, beringi UC205-16 mbili. Mtaikereza Bungoma bila kuiona ile ya zamani, na itapanda matatu ya kwenda Kitale upande mmoja tu.